Kichala cha zabibu ndani ya mfupa

Jalada la mdogo wangu Yona lilikuwa limejaa karatasi, lakini iliyonikalisha chini ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: usaha wa mguu wa kulia umeotesha Staphylococcus aureus. Niliusoma nikiwa nimesimama koridoni, nikausoma tena nimekaa kwenye benchi. Jina hilo la bakteria naliandika karibu kila wiki. Kazi yangu hapa Dodoma ni kupima vyakula maabara: maziwa ya madumu, nyama ya kusaga, keki, kuku waliokaangwa asubuhi wakauzwa jioni. Kwangu mimi hilo lilikuwa jina la watu wanaotapika baada ya sherehe. Sikutegemea kulikuta ndani ya mguu wa mtoto niliyembeba mgongoni.

Nilimwomba mwenzangu wa maabara ya hospitali aniruhusu niione sahani yenyewe. Akaitoa kwenye kabati la joto, nyuzi 37, akaifunua. Ni ileile tunayoifahamu sote wa maabara: agari, ute mgumu wa kuoteshea bakteria, ya rangi ya waridi yenye chumvi asilimia 7.5, chumvi ambayo bakteria wengi hawaiwezi. Huyu anaiweza. Juu ya ule waridi palikuwa na madoa ya mviringo, yametuna kidogo, yanang'aa kama matone ya samli iliyoganda, na kila yalipokaa waridi ilikuwa imegeuka njano. Aureus maana yake ni dhahabu. Nusu ya kwanza ya jina aliitoa Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa mji wa Aberdeen, ambaye mwaka 1880 alichukua usaha wa majipu akautazama kwa hadubini, akaona vidude vya mviringo vimeshikana makundi kwa makundi. Akaazima neno la Kigiriki, staphyle. Kichala cha zabibu.

Baba yetu analima zabibu Hombolo. Yona alivunjika akitoka kupeleka zabibu mjini.

Ilikuwa Machi 2024, mavuno ya kwanza. Anayezijua zabibu za Dodoma anajua zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na haya ya Februari na Machi huangukia kwenye mvua, basi kila mtu hukimbizana kuzitoa shambani kabla hazijapasuka. Korongo lilikuwa limemwaga mchanga barabarani usiku. Pikipiki iliteleza, kreti tupu zikatawanyika, na mfupa wa muundi ukatokeza nje ya ngozi ukiwa na udongo mwekundu kwenye ncha. Wasamaria walimfunga kanga. Kwenye kituo cha kwanza alichofikishwa jeraha lilipanguswa kwa juu, likashonwa, mguu ukawekwa plasta ngumu. Nimeuona ule mshono baadaye. Ulinyooka kama wa fundi nguo hodari. Ndani yake kulikuwa na udongo.

Mfupa ukishatoboa ngozi, saa inaanza kuhesabu. Miongozo ya madaktari wa Uingereza inataka dozi ya kwanza ya antibayotiki iingie mwilini ndani ya saa moja, kisha jeraha lifunguliwe, lioshwe kwa maji mengi, na nyama iliyokufa ikatwe. Yona alichomwa sindano ya kwanza asubuhi ya pili. Sina ugomvi na yule aliyekuwa zamu peke yake usiku ule, na wagonjwa wamejaa hadi mlangoni. Nina ugomvi na zile saa.

Habari ya saa nilikuwa nimeshaijua kutoka kwenye sufuria. Miaka michache kabla ya ajali tulikuwa Mvumi kwenye matanga ya babu. Shangazi yangu ndiye aliyeshika jiko. Jioni nyama ilichemshwa, ikaiva, ikatolewa mifupa na kukatwakatwa kwa mkono, ikarudishwa kwenye sufuria kubwa, ikafunikwa, ikalala palepale jikoni pembeni ya mafiga yaliyokuwa bado yana moto wa makaa. Asubuhi iliunganishwa nyanya na vitunguu, ikachemka, watu wakala na ugali wa uwele. Kabla ya adhuhuri wakaanza kutapika, mmoja, wawili, kisha ua mzima. Hakufa mtu. Ila maneno yalianza siku hiyohiyo, na unajua maneno ya msibani yanavyokwenda: mara chakula kimetiwa kitu, mara fulani hakupenda marehemu azikwe pale. Shangazi alikaa nyuma ya nyumba ameinamisha kichwa. Nilipomfuata alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, niliichemsha. Niliichemsha mpaka ikatokota." Kwenye kidole gumba alikuwa amefunga kipande cha kitambaa. Alijikata na kisu siku mbili nyuma, na kidonda kilikuwa kimeanza kutunga usaha.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kidole kile kiliacha bakteria 100 kwenye kila gramu ya nyama. Mwanzoni hawafanyi lolote la kuonekana. Hukaa kama mgeni anayesoma mazingira ya nyumba, saa moja, mbili. Kisha wanaanza kugawanyika. Kwenye uvuguvugu wa jiko lile kila mmoja anaweza kuwa wawili ndani ya nusu saa. Baada ya saa moja ni 400. Baada ya saa mbili ni 1,600. Baada ya saa tano ni 102,400. Sisi maabara tunaanza kuhofia wanapofika 100,000 kwa gramu, kwa sababu hapo sumu wanayoitoa inatosha kumlaza mtu. Usiku ule ulikuwa na saa 12. Mchoro wa ukuaji wa namna hii, ule mstari unaolala, ukapanda ghafla, kisha ukalala tena chakula kinapopungua, Mfaransa Jacques Monod aliupima kwa uangalifu mkubwa katika tasnifu yake ya mwaka 1942, Paris ikiwa chini ya Wajerumani. Kila ninapouchora naona ua wa Mvumi.

Shangazi alisema kweli tupu. Moto wa asubuhi uliwaua bakteria wote. Ila sumu waliyokwisha kuitema inastahimili kuchemshwa hata nusu saa nzima. Chakula kinatokota, kinanukia, hakina bakteria hai hata mmoja, na bado kinalaza watu. Nilirudi Mvumi baada ya wiki mbili nikamweleza hayo kwa utaratibu, yeye na majirani zake wawili ambao niliwaita makusudi. Shangazi aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo ni kidole?" Nikamwambia ni kidole na usiku, vyote viwili. Mpaka leo akijikata hashiki jiko, na watoto wote wa ukoo wanajua nyama iliyoiva hailali sufuriani. Ama inaliwa yote, ama inagawiwa majirani, ama inakaushwa.

Kukausha ni elimu ya kwetu, tena ya zamani. Ukiingia nyumba ya Mgogo kiangazi utakuta mlenda mkavu, mboga za majani zilizoanikwa mpaka zikavunjika zenyewe, na hapo bakteria hawana maji ya kutumia. Huyu wa dhahabu ndiye mvumilivu wa ukame kuliko karibu bakteria wote wa vyakula, na hata yeye mlenda mkavu humshinda. Bibi alikuwa na kibuyu cha maziwa alichokifukiza kwa kijinga cha moto kabla ya kukamulia. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa ajili ya harufu. Moshi una kemikali zinazozuia bakteria, na maziwa yakishaganda ule uchachu wake nao ni kinga.

Sasa ichukue hesabu ya sufuria uipeleke kwenye mguu.

Mfupa nao una saa yake, na ni ya taratibu. Ukivunjika, kwanza damu huganda pale kwenye mwanya. Baada ya wiki mbili tatu kunakuwa na kiungo laini, cha gegedu, kinachoshikilia ncha mbili bila nguvu. Kisha kinajazwa madini, kinakuwa kigumu, kinavimba kama fundo la muwa. Na baada ya hapo mwili unakaa miezi, hata miaka, ukilichonga fundo lile mpaka mfupa urudie umbo lake. Wanaofanya kazi hiyo ni seli za aina mbili, za kubomoa na za kujenga. Zile za kubomoa hutangulia zikichimba njia ndani ya mfupa wa zamani, na za kujenga hufuata nyuma zikiziba kwa mfupa mpya, tabaka juu ya tabaka. Hata sasa hivi unaposoma wanafanya hivyo ndani yako: mtu mzima hufanyiwa upya karibu asilimia 10 ya mifupa yake kila mwaka. Na kuna jambo ambalo likinijia kichwani huwa naacha ninachokifanya. Ngozi ikipona inaacha kovu. Moyo ukiumia unaacha kovu. Mfupa ukipona unarudi kuwa mfupa, ukiwa na mishipa yake na uboho wake, na baada ya miaka kadhaa hata picha ya eksirei inaweza isionyeshe pale palipovunjika.

Ila unataka majuma. Bakteria anataka nusu saa.

Mwezi Aprili hospitali nyingine ilimwekea Yona bamba la chuma na skrubu, maana mfupa ulikuwa haushiki. Mwaka 1987 daktari wa mifupa wa Marekani, Anthony Gristina, aliandika juu ya kile alichokiita mbio za kugombea uso. Chuma kikishaingia mwilini, seli za mwenye mwili na bakteria wote wanakimbilia uso wake. Seli zikitangulia zinaweka makazi, na bakteria anakosa pa kushika. Bakteria akitangulia anajenga utando, ute mzito unaomfunika yeye na wenzake, na ndani ya utando huo dawa ambayo ingemuua nje humpitia bila kumfanya lolote. Kwa Yona mbio zilikuwa zimekwisha kabla bamba halijawekwa. Juni tundu dogo lilifunguka juu ya muundi, likawa linatoa usaha kidogo kidogo, linaziba, linafunguka tena. Akimeza dozi, linakauka. Dozi ikiisha, linarudi. Mama alifikiri tunanunua dawa bandia.

Utando huo naujua kwenye dumu. Madumu ya njano ya mafuta ya kula, yale yanayogeuzwa ya maziwa, yana mdomo mwembamba usiopitisha mkono, kwa hiyo watu hutia mchanga na maji, wakayatikisa. Yanatoka yanang'aa. Lakini mchanga unakwaruza plastiki, na kwenye kila mkwaruzo kuna pa kujificha. Ukipitisha kijiti cha pamba ndani ya dumu lililooshwa vizuri namna hiyo, kesho yake sahani inajaa. Ndiyo maana nawaambia wauza maziwa wanunue ndoo ya alumini yenye mdomo mpana, na wananijibu bei yake, nami sina la kuwajibu kwa sababu bei wanaijua kuliko mimi.

Mfupa una mikwaruzo yake ya kuzaliwa nayo. Ndani ya mfupa mgumu kuna vijia vyembamba mno vinavyounganisha seli moja na nyingine, vyembamba kuliko bakteria mwenyewe. Kwa miaka mingi haikufikiriwa kwamba anaweza kupenya humo. Mwaka 2017 watafiti wa Rochester, jimbo la New York, walionyesha kwa picha za hadubini ya elektroni kwamba Staphylococcus aureus anajibana, anaacha ule umviringo wake, anajirefusha, anaingia. Mle chembe za kinga za mwili hazimfikii. Nilipoisoma taarifa hiyo nililia, maana ilikuwa jibu la lile tundu linalofunguka na kuziba, na jibu la Mama pia. Dawa ilikuwa halisi.

Oktoba tulipewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Tulipanda SGR, ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze kufika Dodoma, Yona amenyoosha mguu juu ya mapaja yangu, tukafika mjini bado chai ya chupa ina moto. Daktari aliyempokea alimwita "kijana wangu", akamweleza yeye mwenyewe badala ya kunieleza mimi. Alisema mfupa uliokufa lazima utoke wote, bamba nalo litoke, na kwamba angekata mpaka aone mfupa unatoa vitone vya damu. Mfupa mzima ukikatwa unatoa damu kwa vitonetone. Uliokufa haujali.

Walitoa sentimita nne. Niliombwa nitoke na kile kipande kwenye kichupa kwenda kukikabidhi maabara. Kilikuwa cheupe mno, kikavu, chepesi, kama mfupa uliookotwa mbugani, na pembeni kimeliwaliwa. Nilikitazama muda mrefu zaidi ya nilivyoruhusiwa.

Kwenye mwanya waliweka shanga. Nasema shanga kwa sababu ndizo, punje za saruji ya upasuaji zimetungwa kwenye waya, zimechanganywa na antibayotiki ya jentamaisini ambayo inavuja taratibu humo humo kwenye jeraha kwa kiwango ambacho damu isingeweza kukifikisha. Saruji ile inapoganda inapata moto mkali, na antibayotiki nyingi zingeharibika. Jentamaisini ilichaguliwa kwa sababu inastahimili joto. Nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka shangazi na sufuria lake. Ile sumu ilistahimili moto ikatuumiza, na hii dawa inastahimili moto inatuponya.

Baada ya wiki sita shanga zilitolewa, vipimo havikuotesha kitu, na Desemba Yona akafungwa vyuma vya nje, vile ambavyo wodini kila mtu anaviita antena. Pete nne za chuma zimeuzunguka mguu, na nyaya nyembamba kama spoku za baiskeli zimepita kwenye mfupa kutoka upande hadi upande. Aliyebuni ni Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan, Siberia, aliyekuwa akitibu watu waliorudi vitani na miguu iliyoharibika. Aligundua kwamba mfupa ukikatwa kwa upole, ukasubiriwa siku chache, kisha ncha zake zikavutwa taratibu, mwili unaujaza mwanya kwa mfupa mpya kadiri unavyovuta. Taratibu hiyo ina kipimo: milimita 1 kwa siku, igawanywe mara nne, robo kwa robo. Ukivuta haraka mfupa haujazi. Ukivuta polepole sana unaunga kabla ya wakati na kugoma. Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya Magharibi hawakuijua, hadi Muitaliano mpanda milima Carlo Mauri aliposafiri hadi Kurgan mwaka 1980 na mguu ulioshindikana kwao, akarudi anatembea.

Kwa hiyo walimkata Yona pahala pengine, juu, kwenye mfupa mzima, na kile kipande cha kati kikaanza safari ya kushuka kuelekea kwenye mwanya, nyuma yake kikiacha mfupa mpya. Sentimita nne ni milimita 40, siku 40. Tulirudi nyumbani na spana ndogo. Alfajiri Baba akitoka kwenda shambani anazungusha robo. Saa sita mchana Mama. Jioni mimi nikiwepo, au Yona mwenyewe. Kabla ya kulala tena Yona. Mama alichora mistari ukutani kwa mkaa, nne nne, na hakuna aliyethubutu kugusa nati bila kuchora kwanza. Mashimo ya nyaya tuliyasafisha kila siku kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, na nilikuwa mkali. Wageni waliokuja kumpa pole niliwanawisha mikono kwa sabuni, wazee na vijana, shikamoo baadaye.

Watu waliniuliza kuhusu supu ya kongoro, kama inaunga mfupa. Kalsiamu inayotoka mfupani kwenda kwenye supu ni kidogo sana. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ndio wana kalsiamu ya kweli. Lakini mgonjwa aliyekonda anahitaji protini na anahitaji hamu ya kula, na Yona kwa supu ya Mama alimaliza ugali. Sikumzuia mtu kuileta.

Picha ya kwanza ya eksirei, mwishoni mwa Januari, ilionyesha wingu. Daktari aliinua filamu dirishani akapitisha kidole kwenye weupe hafifu ulioenea katikati ya ncha mbili, mistari myembamba imesimama wima kama mvua inayoonekana kwa mbali juu ya Hombolo. "Huu haukuwepo," alisema. Kisha tukaanza kusubiri ukomae, na kusubiri huko kulichukua miezi saba.

Katika miezi hiyo nilisoma sana. Nilisoma juu ya Marshall Urist, ambaye mwaka 1965 alionyesha kwamba unga wa mfupa ulioondolewa madini, ukiwekwa ndani ya msuli wa mnyama, unaufanya msuli uote mfupa. Ndani yake kuna protini inayotoa amri. Leo protini hizo zinatengenezwa viwandani, na bei yake haigusiki. Nilisoma pia juu ya watu wanaotengeneza haidroksiapataiti, madini yaleyale ya mfupa, kutokana na maganda ya mayai na mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ili seli za mgonjwa zipate pa kutambaa wakati zinajenga. Mifupa ya ng'ombe! Pita machinjio ya Kizota asubuhi uone. Nimeshaanza kuulizana na wenzangu wa kemia namna ya kuichoma mpaka isibaki chembe ya nyama wala mafuta, na sehemu yangu itakuwa ileile ninayoijua: kuhakikisha kinachotoka kwenye tanuri hakijabeba mtu wa dhahabu.

Vyuma vilitolewa Agosti 2025. Mguu ulitoka mwembamba, una magamba, una makovu ya nyaya mstari kwa mstari, na lile tundu limekauka kabisa. Septemba nilikwenda Hombolo kwenye mavuno ya pili. Nilimkuta Yona kwenye safu ya tatu, ana gongo moja limeegemezwa kwenye nguzo, anakata vichala kwa mkasi na kuvilaza kwenye kreti. Alikishika kimoja juani, kimejaa, punje zimebanana.

"Dada, ndivyo wanavyokaa?"

Nikamwambia ndivyo, hivyohivyo, wameshikana.

Akakigeuza mara mbili, akakilaza na wenzake. Kisha akauegemea mguu wa kulia, wote, ili akifikie cha juu.